Mizigo au abiria: kisa cha rubani mwenye saa 1,215

Mhusika wa kisa hiki ni rubani wa kike wa miaka 26, mkazi wa kudumu wa Marekani, ambaye hadi mwezi Machi alikuwa akifundisha urubani kwenye shule moja jimboni Michigan. Jina lake na majina ya kampuni zilizomtaka nayaacha, na mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike. Kitabu chake cha safari kilikuwa na saa 1,215, karibu zote kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, yeye akiwa kiti cha kulia na mwanafunzi kushoto. Saa za usiku zilikuwa 104. Saa za ndege ya injini mbili zilikuwa 17 tu. Deni la masomo lilikuwa dola 92,000, na marejesho yake dola 1,100 kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake.

Alikuwa na barua mbili mkononi. Moja ilitoka kwa kampuni ndogo ya mizigo inayorusha Cessna Caravan kwa niaba ya shirika kubwa la vifurushi: mshahara dola 58,000 kwa mwaka, mafunzo kuanza baada ya wiki tatu, na mkataba kwamba akiondoka kabla ya miezi 12 atarudisha gharama za mafunzo, dola 12,000. Nyingine ilitoka shirika la kikanda, yale mashirika yanayorusha jeti ndogo zilizopakwa rangi za mashirika makubwa. Huko walimpa dola 90 kwa saa, na uhakika wa kulipwa saa 75 kila mwezi hata asiporuka. Ila kulikuwa na masharti: atimize kwanza saa za kisheria, kisha asubiri darasa la mafunzo "kulingana na mahitaji ya kampuni". Tarehe haikuandikwa.

"Kaka, kila ninayemuuliza ananijibu kwa mapenzi yake," aliniandikia. "Wa mizigo anasifu mizigo, wa abiria anasifu abiria. Naomba nisaidie kuhesabu."

Nikamwambia, sawa mdogo wangu, tuhesabu.

Tulianza na sheria, kwa sababu sheria ndiyo iliyolizaa swali lenyewe. Marekani, marubani wote wawili wa ndege ya shirika linaloendeshwa chini ya Sehemu ya 121 ya kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, lazima wawe na leseni ya ATP, yaani ya rubani wa mashirika ya ndege, na leseni hiyo kwa njia ya kawaida inataka saa 1,500. Aliyefundishwa jeshini anaweza kupewa leseni yenye mipaka akiwa na saa 750, mwenye shahada ya urubani ya chuo kilichoidhinishwa 1,000, mwenye stashahada 1,250. Shahada ya mhusika wetu ni ya uhasibu, kwa hiyo nafuu hizo zote zinampita. Kampuni za mizigo zenye ndege ndogo ziko chini ya Sehemu ya 135. Huko, ili uwe rubani kiongozi wa safari zinazotegemea vyombo, yaani za kuruka hata usipoona nje, unahitaji saa 1,200, na ndani yake 500 ziwe za safari za kiwanja hadi kiwanja, 100 za usiku na 75 za kuruka kwa vyombo. Walimu wengi hukwama kwenye zile 100 za usiku, maana wanafunzi hupenda kuruka mchana. Yeye alizivuka kwa saa nne.

Kwa hiyo kati ya 1,200 na 1,500 kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalowasukuma vijana wengi kuitazama mizigo. Wengi hawajawahi kukaa wakajiuliza kama wanapenda kubeba watu au maboksi. Wanatazama mlango uliofunguka mapema.

Kanuni ya saa 1,500 ina historia ya uchungu, na naamini kila anayepita chini yake anapaswa kuijua. Usiku wa 12 Februari 2009, ndege aina ya Q400 ya Colgan Air, iliyokuwa ikiruka kwa jina la shirika kubwa la Continental kutoka Newark kwenda Buffalo, ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center. Watu wote 49 waliokuwemo walikufa, pamoja na mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba. Familia za marehemu zilipiga hodi Washington bila kuchoka mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 2010, na FAA ikaitia kwenye kanuni mwaka 2013. Hata hivyo, marubani wa ndege ile wote walikuwa wameshapita saa 1,500. Kapteni alikuwa na 3,379, msaidizi wake 2,244. Mwendo ulipopungua kupita kiasi na usukani ukatetemeka kuonya, kapteni aliuvuta kwake badala ya kushusha pua ya ndege. Na rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kazini Newark, akidandia ndege za mizigo kupitia Memphis.

Nilimsimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, idadi ya saa haisemi umejifunza nini ndani yake. Pili, unakoishi na unakoanzia kazi ni jambo la usalama, na watu wanaochagua kampuni kwa kutazama mshahara na aina ya ndege hulisahau kabisa.

Basi tukahesabu saa tupu, na hapo alishangaa. Alikuwa ameamini, kama wengi, kwamba mizigo itamfikisha 1,500 haraka. Njia aliyopewa ilikuwa ya dakika hamsini kwenda asubuhi na dakika hamsini kurudi jioni, siku tano kwa wiki. Hiyo ni kama saa 37 kwa mwezi, ukitoa mwezi wa kwanza wa mafunzo ambao hauna saa za maana. Kwa kasi hiyo angefika katikati ya Desemba. Kama angebaki shuleni, majira ya joto yalikuwa yanakuja. Miezi hiyo mwalimu wa Michigan huruka hadi saa 60, na angefika 1,500 mnamo Septemba. Ualimu ulikuwa na kasi zaidi! Ndege za kulisha vituo vikuu vya vifurushi zina kazi moja, kuwahi ratiba ya upangaji wa mizigo ya usiku, na sehemu kubwa ya siku hukaa chini zikisubiri. Anayekwenda huko kwa ajili ya kukusanya saa achunguze kwanza njia atakayopewa, maana Caravan ya dakika hamsini na ndege ya injini mbili inayozunguka vituo vinne kwa siku ni kazi mbili tofauti.

Kisha kulikuwa na mtego wa injini. Leseni ya ATP ya ndege za injini nyingi inataka saa 50 kwenye ndege za namna hiyo, na hadi 25 kati yake zinaweza kuhesabiwa kutoka kwenye simuleta kubwa, mashine inayoiga ndege, wakati wa mafunzo ya kampuni. Ndiyo maana mashirika ya kikanda mara nyingi humtaka mtu aje na saa 25 zake mwenyewe. Yeye alikuwa na 17. Caravan ina injini moja. Angeruka mwaka mzima kwenye mizigo, afikishe saa 1,500 na zaidi, na bado angekuwa na zilezile 17. Nimeona watu wakiligundua hili siku wanapojaza fomu. Dawa yake ni rahisi ukiijua mapema: saa nane za kukodi ndege ya injini mbili, ukigawana gharama na mwenzako ambaye naye anazihitaji, zikiisha kabla ya baridi kuingia.

Kama mizigo haimpi kasi wala injini mbili, inampa nini? Inampa fedha, na inampa kazi yenyewe ya urubani. Fedha tuliimaliza haraka. Kufundisha kulimwingizia kama dola 2,600 kwa mwezi kabla ya kodi, na miezi ya theluji pungufu ya hapo. Caravan ingempa dola 4,833, theluji au jua. Kwa mtu anayerejesha 1,100 kila mwezi, tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha kulala usingizi.

Kazi yenyewe inahitaji maelezo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona thamani ambayo haiandikwi kwenye barua ya ajira. Chukua jioni moja ya Novemba kwenye kiwanja kidogo cha mwisho wa njia. Ni saa kumi na moja na giza linaingia. Gari la vifurushi linarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Rubani anaweka kwanza nguzo fupi ya chuma chini ya mkia, ndege isije ikakaa kitako mizigo ikizidi nyuma. Anapanga vizito mbele, anafunga nyavu, anajumlisha uzito mwenyewe na kuangalia kama kitovu cha uzito huo kiko ndani ya mipaka. Anachukua ngazi, anapanda, anavua glavu na kupapasa juu ya bawa kwa kiganja. Barafu nyembamba iliyo wazi kama kioo haionekani kwa tochi, na Caravan ina rekodi mbaya ya ajali za barafu kiasi kwamba FAA iliagiza ukaguzi wa mkono wakati wa baridi. Akishuka, anasoma hali ya hewa ya njiani na ya kituo kikuu, anaamua mafuta ya ziada, anaamua kiwanja cha akiba. Hakuna kapteni wa kumtazama usoni. Safari ya mizigo pekee haimlazimu mwendeshaji kuweka rubani wa pili, na kwa kawaida hamweki.

Mwalimu wa urubani anafanya maamuzi pia, lakini hali ya hewa ikiwa mbaya anaahirisha somo. Saa zake nyingi hupita siku ambazo mtu yeyote angeruka. Kwenye mizigo utaingia mawinguni kila wiki, utatua kwa vyombo mawingu yakiwa chini, na utajifunza kukataa safari ukiwa peke yako, simu mkononi, upande wa pili kuna mtu anayesubiri maboksi. Rubani aliyepita hapo mwaka mmoja akatoka salama huwa amebadilika, na wakufunzi wa simuleta wanamtambua mapema: macho yake yanatembea kwenye vyombo bila kuhangaika. Anachokosa ni kufanya kazi na mwenzake. Hajazoea kutamka anachofanya, hajazoea kugawana majukumu, na kompyuta ya safari ya jeti ni ngeni kwake. Hayo yanafundishika ndani ya wiki chache mtu akiwa mnyenyekevu.

Lakini neno hilo, "akatoka salama", nalitilia uzito. Injini moja, rubani mmoja, usiku, barafu. Sikutaka alichukue kwa wepesi, na nilimtaka aiulize kampuni maswali matatu kabla ya kusaini. Ndege isiporuka, mizigo inaendaje? Nani ana uamuzi wa mwisho wa kuruka, na imewahi kutokea rubani akakataa mara ngapi msimu uliopita? Caravan zao zinazuia barafu kwa mipira ya kujaza upepo au kwa kimiminika kinachotoka kwenye bawa? Kwangu swali la kwanza linazidi mengine yote. Kampuni yenye lori la akiba na dereva anayejulikana haina haja ya kumsukuma rubani. Walimjibu kwamba kuna lori, na wakampa namba ya rubani aliyekuwa akiiacha njia ileile ili aulize mwenyewe. Huo uwazi ulinituliza zaidi ya majibu.

Kuhusu uchovu, sheria haziko sawa na kijana anapaswa kulijua hilo. Kanuni mpya za muda wa kazi na mapumziko, Sehemu ya 117, zilianza Januari 2014 kwa mashirika ya abiria: mapumziko ya saa 10 yenye nafasi ya kulala saa 8 mfululizo, na angalau saa 30 mfululizo za kuwa huru ndani ya kila saa 168. Mashirika ya mizigo pekee yaliachwa nje. Agosti 2013, miezi michache kabla kanuni hizo hazijaanza, ndege ya kampuni ya vifurushi ya UPS, aina ya A300, ilianguka alfajiri ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, marubani wake wawili wakafa, na wachunguzi waliutaja uchovu katika matokeo yao. Nasikitika kwamba mwili wa rubani wa mizigo unahesabiwa tofauti na wa rubani wa abiria. Kwa Caravan yake, Sehemu ya 135 inaweka kikomo cha saa 8 za kuruka ndani ya saa 24 kwa rubani mmoja, na mapumziko ya saa 10. Saa zake za kuruka zilikuwa chini kabisa ya kikomo hicho, na siku yake ilikuwa hivi: kuamka saa kumi alfajiri, kutua kituo cha mwisho asubuhi, kulala mchana kwenye chumba kilichokodishwa na kampuni, kurudi nyumbani saa mbili usiku. Kila usiku angelala kitandani kwake. Wikendi huru.

Upande wa pili, rubani msaidizi mpya wa shirika la kikanda huanza kwenye zamu ya akiba. Anakaa karibu na simu, na anaweza kuitwa kwa safari ya siku nne. Kituo chake cha kazi kinaamuliwa na namba yake kwenye orodha ya waliotangulia kuajiriwa, na aliye chini kwenye orodha hupata kituo ambacho wengine hawakukitaka. Asipohamia huko, anasafiri kwenda kazini kwa kudandia ndege, na hapo narudi kwenye ile safari ya usiku ya Seattle hadi Newark.

Pamoja na hayo yote, kuna hesabu moja inayoipa shirika la kikanda uzito mkubwa, na sikuiona ikitajwa na hata mmoja wa waliomshauri. Ili uwe kapteni chini ya Sehemu ya 121, pamoja na ATP unahitaji saa 1,000 za kazi ya mashirika. Saa za rubani msaidizi wa Sehemu ya 121 zinahesabika. Saa za ukapteni wa Sehemu ya 135 zinahesabika tu zikiwa za aina fulani, kama jeti za abiria au ndege zenye viti kumi na zaidi vya abiria. Caravan ya vifurushi haimo. Ukikaa kwenye mizigo miaka mitatu, ukawa rubani hodari wa barafu na usiku, siku unayoingia shirika la kikanda hesabu yako ya saa 1,000 inaanzia sifuri, sambamba na mwalimu aliyeingia jana. Na wewe ndiye mkubwa kwa umri, huku kustaafu kwa marubani wa Sehemu ya 121 ni miaka 65 kwa wote.

Orodha ya waliotangulia ni hesabu nyingine ya namna hiyo. Kituo, likizo, aina ya ndege, kupanda ukapteni, na nani anaachishwa kazi kwanza mambo yakiharibika, vyote vinafuata tarehe ya kuajiriwa. Hakuna ustadi unaokurukisha mtu mmoja kwenye orodha hiyo. Baadhi ya mashirika ya kikanda, kama Envoy, Piedmont na PSA yanayomilikiwa na shirika kubwa la American, yana njia iliyoandikwa ya kupanda hadi shirika mama, na njia hiyo nayo inakwenda kwa zamu.

Lakini orodha ina thamani pale kampuni inapokuwa hai. Mashirika ya kikanda ya Compass na Trans States yalifunga Aprili 2020, na jingine, ExpressJet, likapoteza kazi ya shirika kubwa la United mwaka uleule. Namba za marubani wao zikabaki karatasi. Miaka miwili baadaye mambo yakageuka, mashirika makubwa yakawazoa makapteni wa kikanda, na Juni 2022 mashirika matatu ya American yakapandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa. Mizigo nayo haina kinga: mwaka 2023 kampuni ya vifurushi ya FedEx ilijikuta na mamia ya marubani wasio na kazi ya kutosha, na marubani hao wakaelekezwa kuifikiria PSA, shirika la kikanda. Yaani watu waliokuwa kwenye kilele cha mizigo wakionyeshwa mlango wa kurudi walikoanzia. Mwaka 2024 ajira za kikanda zikapoa, na wenye barua za masharti kama ya mhusika wetu wakasubiri. Anayekuambia sekta moja ni salama kuliko nyingine anazungumzia mwaka alioajiriwa yeye.

Sasa uamuzi. Kwa maoni yangu, swali la "mizigo au abiria" lilikuwa limeulizwa vibaya. Kwa mtu wa saa 1,215 asiye na tarehe ya darasa, swali lilikuwa pengo lijazwe kwa kazi gani, na jinsi ya kujaza bila kuufunga mlango wa pili. Angekuwa na saa 1,450 na tarehe mkononi, ningemwambia asiiguse Caravan, afundishe wiki chache zilizobaki aende zake, kwa sababu kila mwezi wa kuchelewa unamweka nyuma ya darasa zima. Angekuwa na mtoto mdogo na mji anaotaka kuishi, ningemwambia mizigo ya njia moja ni maisha mazuri na asione haya kuifanya kwa miaka kumi. Wapo marubani wa Caravan wanaolala kwao kila usiku na hawabadilishani na kapteni yeyote. Yeye hakuwa katika hali hizo. Alitaka jeti, alitaka hatimaye shirika kubwa, na alikuwa na deni.

Nilimshauri achukue mizigo, kwa masharti mawili ayapate kwa maandishi. Kwanza, shirika la kikanda lithibitishe kwamba barua yake inabaki hai akiwa anaruka Sehemu ya 135, na kwamba atume hesabu ya saa zake kila mwezi. Walikubali siku ileile. Pili, deni la mkataba wa mafunzo lipungue mwezi kwa mwezi, badala ya kudaiwa dola 12,000 zote hata akiondoka mwezi wa kumi na moja. Kampuni ya mizigo ilisita, kisha ikakubali. Sijui kwa nini vijana huogopa kuuliza. Mkataba ambao haujasainiwa ndio pekee unaojadilika.

Aliingia Aprili. Saa nane za injini mbili alizimaliza kufikia Julai. Mwezi Novemba ulipofika alikataa safari moja kwa sababu ya mvua inayoganda iliyotabiriwa juu ya kituo kikuu. Akapiga simu, lori likaja, vifurushi vikaondoka kwa barabara, na hakuna aliyemuuliza zaidi ya kumtaka ajaze fomu. Saa 1,500 zilitimia katikati ya Desemba, kama tulivyohesabu.

Wiki hiyohiyo shirika la kikanda likamwita: darasa katikati ya Januari. Alikuwa amebakiza miezi mitatu ya mkataba, yaani dola 3,000. Akanipigia akiuliza kama aombe kusogezewa darasa hadi Aprili amalize mkataba bila kulipa. Tulihesabu tena. Tofauti ya mishahara, dola 81,000 za uhakika dhidi ya 58,000, ni zaidi ya dola 1,900 kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitatu ya kusubiri ingemgharimu kama dola 5,700 ili kuokoa 3,000. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu watu wote ambao wangeingia kwenye orodha mbele yake. Jambo moja tu nilimsisitizia: asiiache kampuni katikati ya msimu wa sikukuu, wakati maboksi yanamwagika hadi nje ya mlango. Alitoa taarifa siku aliyopata tarehe, akaruka hadi msimu ulipoisha, akalipa. Msimamizi wake wa marubani alimwandikia barua nzuri ya utambulisho.

Nimeulizwa kama matokeo yanathibitisha kwamba alichagua vyema. Hayathibitishi. Darasa lingeitwa Oktoba, mwalimu aliyebaki shuleni angemtangulia kwa miezi mitatu ya orodha, na bado ningesema uamuzi wa Machi ulikuwa sahihi kwa yaliyojulikana Machi: fedha za uhakika, kazi inayofundisha, mlango wa pili ukiwa wazi, na gharama ya kutoka ikijulikana hadi dola ya mwisho.

Simuleta aliipita kwa mara ya kwanza. Anasema kilichomtesa ni kukumbuka kutamka, kwa sababu miezi tisa alikuwa akizungumza na redio tu. Kituo alichopangiwa ni Chicago, si Detroit alikotaka, na atakuwa kwenye zamu ya akiba kwa muda. Amekodi kitanda kwenye nyumba ya marubani karibu na uwanja wa O'Hare, ili asiendeshe gari kutoka Michigan alfajiri ya siku ya kazi. Hesabu ya zile saa 1,000 imeanza.